Pumu ya kazini: jinsi ya kuinasa kwa pikifulo, siku za kazi na siku za ofu

Fundi wa kupiga rangi magari anabanwa kifua usiku wa Jumatano, analala ameketi. Nafasi ya kwenda kliniki anaipata Jumatatu asubuhi, baada ya kupumzika mwisho wa wiki. Daktari anamwekea stethoskopu, hasikii mluzi. Spirometa, mashine ya kliniki ya kupima pumzi, inapulizwa mara moja, namba ziko sawa. Anarudi nyumbani na chupa ya dawa ya kikohozi. Pumu hupanda na kushuka, na ile inayoletwa na kazi hupanda na kushuka kwa kufuata zamu. Kuipima mara moja ni kama kuchungulia bahari pale Likoni kwa dakika moja halafu useme maji yanajaa au yanakupwa.

Kwa hiyo mgonjwa hupewa mita ndogo ya kupuliza inayopima kasi ya pumzi kwa lita kwa dakika, ambayo kliniki wengi huiita pikifulo, akapuliza mwenyewe mara nyingi kwa siku, kazini na nyumbani, wiki nne mfululizo. Halafu siku za kazi zinawekwa kando ya siku za ofu. Kifaa chenyewe ni bomba la plastiki lenye mshale, hakitumii umeme, kinaingia kwenye mkoba wa chakula. Ugumu uko kwenye daftari.

Nani apimwe

Uliza swali hili: ukiwa ofu, au ukienda likizo, kifua kinapata nafuu? Jibu likiwa ndiyo, inafaa kupima. Swali la "unabanwa ukiwa kazini?" hupotosha, kwa sababu wengi hubanwa baada ya saa kadhaa, jioni au usiku wa manane wakiwa kitandani, na wanailaumu feni, mto au hewa ya kusi. Wengine kifua hutanguliwa na mafua yasiyoisha, chafya na macho kuwasha, hasa wanaofanya kazi na unga.

Pia usibabaishwe na mtu anayesema amefanya kazi hiyo miaka mitano bila shida. Mwili huchukua wiki, miezi, hata miaka kujenga mzio. Ukishaujenga, vumbi kidogo ambalo wenzake hawalihisi linatosha kumwangusha.

Mombasa haina uhaba wa kazi za aina hii. Kuna waoka mikate na wafanyakazi wa vinu vya unga, ambao huvuta vumbi la ngano pamoja na kimeng'enya cha amilesi kinachotiwa ili mkate uumuke vizuri. Kuna mafundi wa spreyi, ambao hadena (kigumishi) ya rangi zao ina kemikali iitwayo isosianeti. Maseremala wanaoranda mvule, wapakuzi wa nafaka bandarini, wanaochanganya na kupakia chai kwenye maghala ya Shimanzi, wanaomimina kahawa mbichi (magunia yakiwa yaliwahi kubeba mbono, balaa zaidi), wanaochemsha na kumenya kamba na kaa, mafundi wa simu wanaoinamia moshi wa kolofani (utomvu wa msonobari) kutoka kwenye waya wa kulehemu, wasusi wanaokoroga unga wa blichi ya nywele. Vumbi la saruji na moshi wa kuchomelea vyuma navyo huchokoza kifua, ingawa mara nyingi huwa vinaamsha pumu ambayo mtu alikuwa nayo tayari.

Kabla ya kupuliza mara ya kwanza

Kikohozi kilichozidi wiki mbili, hasa chenye jasho la usiku au kupungua uzito, kipimwe kifua kikuu kwanza. Makohozi yachunguzwe, jibu lipatikane, ndipo pikifulo ianze. Na kila mtu awe na kifaa chake. Pikifulo haizungushwi karakana nzima kama kikombe cha kahawa.

Usiache kazi bado. Hili huwashangaza wengi, maana ushauri wa kwanza wa jamaa na majirani ni "acha hiyo kazi itakuua". Ukishaondoka, kifua kikatulia, hakuna tena cha kulinganisha, na kuthibitisha kuwa kazi ndiyo iliyokuumiza huwa kugumu sana. Pima kwanza ukiwa bado unafanya kazi yako ya kawaida, mahali pako pa kawaida. Asiyefaa kuendelea namna hii ni yule aliyewahi kuzidiwa kazini hadi akalazwa au akawekewa oksijeni. Huyo daktari amwondoe mara moja na atafute njia nyingine ya kumpima.

Dawa nazo zisibadilishwe. Kama unatumia inhela ya kila siku ya kuzuia, dozi ibaki ileile siku za kazi na siku za ofu. Kosa la kawaida ni kuvuta dawa kwa bidii wiki ya kazi na kuisahau mwisho wa wiki: chati inatoka bapa, na tofauti iliyokuwa inatafutwa imefunikwa. Inhela ya bluu ya salbutamol itumike tu unapobanwa. Puliza kwanza, ndipo uvute, kisha uandike umevuta mara ngapi. Vidonge vya prednisolone (steroidi) katikati ya mwezi huharibu chati. Vikilazimu, meza kama ulivyoandikiwa, weka alama kwenye daftari, na wiki hizo zirudiwe baadaye.

Namna ya kupuliza

Simama. Rudisha mshale chini kabisa. Shika kifaa kikiwa kimelala sawa na ardhi, vidole visizibe upenyo ambamo mshale hupita wala matundu ya nyuma. Vuta pumzi hadi kifua kijae kabisa, bana mdomo wa kifaa kwa midomo, ulimi ukae chini, kisha puliza mara moja, ghafla na kwa nguvu zote. Nusu sekunde ya mwanzo ndiyo inayopimwa, kwa hiyo kuendelea kusukuma pumzi hadi uone nyota hakuongezi kitu. Kutema mate ndani ya bomba kama mtu anayepuliza mshale wa mwanzi, au kufura mashavu, hutoa namba kubwa ya uongo.

Rudia mara tatu. Mbili zilizo juu zaidi zisipishane zaidi ya lita 20 kwa dakika. Zikipishana zaidi, puliza tena. Andika ile kubwa kuliko zote. Usiandike wastani, na usiandike ya mwisho kwa sababu ndiyo ya mwisho.

Tumia kifaa kilekile mwezi mzima. Pikifulo za zamani zina mizani ya Wright, mpya zina mizani ya Ulaya iliyoanza na kiwango cha EN 13826, na namba zake hazilingani. Aliyeanza na moja akamalizia na nyingine anaweza kuona "kupona" au "kuzidiwa" ambako hakupo. Kwa joto na unyevu wa Pwani, ioshe mara moja kwa wiki kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ikung'ute, iache ikauke yenyewe kivulini. Mshale ukianza kukwama, kwa kawaida ni vumbi au uchafu mwingine.

Siku tatu za kwanza namba hupanda kidogo kwa sababu mkono unazoea. Ziandike, lakini zisihesabiwe.

Saa za kupuliza

Bora kila baada ya saa mbili tangu kuamka hadi kulala, ambazo ni takriban mara nane au tisa. Kwa anayeingia kazini asubuhi: saa 12 ukiamka, saa 2 ukifika, saa 4, saa 6 kabla ya chakula, saa 8, saa 10 ukitoka, saa 12 jioni, saa 2 usiku, saa 4 ukienda kulala. Isipowezekana, mara nne kwa siku ndiyo chini kabisa: kuamka, katikati ya zamu, baada ya kazi, kulala. Chini ya hapo chati haina nguvu ya kusema chochote. Siku za ofu saa ziwe zilezile. Wengi hupima vizuri kazini na kulala hadi saa 5 siku ya ofu bila kupuliza. Basi wametupa nusu ya ushahidi, tena nusu iliyo muhimu zaidi.

Elewaneni na kliniki mapema kuhusu saa. Ukiandika "saa 2" na anayesoma akaichukua kuwa saa mbili ya saa ya kizungu, mchana wako unageuka usiku kwenye grafu. Andika saa za Kiswahili ukitaja asubuhi, jioni au usiku, au andika 08:00 na 20:00. Chagua moja, usichanganye.

Wa zamu ya usiku anahesabu kuanzia anapoamka, hata kama ni saa 9 alasiri. Zamu zinazobadilika hazina shida mradi kila siku iandikwe umeingia saa ngapi na umetoka saa ngapi.

Mwezi wa Ramadhani, kupuliza pikifulo hakuingizi kitu mwilini. Pumzi inatoka tu. Kuvuta inhela ni suala ambalo wanazuoni wamelitazama tofauti, kwa hiyo muulize sheikh wako na daktari wako, na usiache dawa kimyakimya. Hata hivyo usingizi hukatika kwa daku, zamu hubadilishwa, na siku nzima inahama. Kama hali si ya dharura, anza mwezi mwingine. Likizo ya Idd, kwa upande mwingine, ni dhahabu: siku kadhaa za mapumziko mfululizo ambazo hutazipata wiki ya kawaida.

Mapumziko marefu yana maana kubwa hapa. Wengi Mombasa hufanya kazi siku sita na kupumzika Jumapili pekee. Kifua kilichochokozwa wiki nzima kinaweza kuhitaji siku tatu au zaidi kurudi, mara nyingine hata wiki mbili. Kwa hiyo Jumapili moja moja inaweza kutoa chati iliyo chini wakati wote, ikaonekana kama pumu ya kawaida isiyohusiana na kazi. Omba likizo ya wiki mbili iangukie ndani ya kipindi cha kupima. Kibarua wa bandarini anayeitwa siku tatu kisha akakaa siku nne bila meli hulalamika kwa haki juu ya mfuko wake, lakini chati yake mara nyingi husomeka kuliko ya mwajiriwa wa kudumu.

Daftari

Nunua daftari la hesabu la mraba, lile la shule. Kurasa za mwanzo ziwe za namba, za nyuma ziwe za grafu. Kwa kila siku andika tarehe, kazini au ofu, saa ya kuingia na kutoka, namba kwa kila saa, mara ulizovuta inhela ya bluu, na ulichofanya: "nimepiga rangi gari mbili", "nimefagia ghala", "leo kaunta tu". Nyumbani andika udi, ubani, jiko la makaa au la mafuta ya taa, dawa ya mbu ya kuwasha, sigara. Mtu anayefukiza udi kila Alhamisi usiku na kubanwa kila Alhamisi usiku anatakiwa ajulikane kabla karakana haijalaumiwa.

Umesahau kupuliza? Acha wazi. Kujaza namba za kukisia ukiwa kwenye matatu ya kurudi ni kuharibu kipimo chako mwenyewe, na msomaji mzoefu hugundua haraka: namba zinazofanana siku tano mfululizo, wino mmoja wiki nzima, karatasi safi isiyo na doa la mafuta kutoka kwa fundi wa magari.

Kuchora na kusoma

Siku ya kwenye chati haianzi alfajiri. Siku ya kazi huanza na kipimo cha kwanza ukiwa kazini na kwisha na cha mwisho kabla ya kuingia kazini tena, kwa hiyo kipimo cha kuamka Jumanne ni mali ya Jumatatu. Sababu ni kwamba kubanwa kwa usiku na alfajiri huletwa na vumbi la jana, na ukikihesabia kipimo hicho siku mpya, unaibebesha kosa la siku iliyopita.

Kwa kila siku weka nukta tatu: kipimo cha juu, wastani, na cha chini. Unganisha nukta za aina moja, utapata mistari mitatu. Paka penseli kwenye nguzo za siku za kazi, acha za ofu nyeupe. Mizani ya wima iwe ileile kurasa zote. Ukiibana, mabonde yanatoweka.

Tuchukue mfano wa fundi wa spreyi anayepumzika Jumamosi na Jumapili. Jumatatu anafika kazini na 455. Baadaye ni 430, 410, 395, 380, jioni 370, usiku 375 na 380, na Jumanne akiamka 390. Tofauti ya juu na chini ni 85. Igawanye kwa wastani wa hizo mbili, yaani 412.5, utapata karibu asilimia 21. Ijumaa hafikii tena alikoanzia: juu 405, chini 305, karibu asilimia 28. Jumamosi anapanda polepole kutoka 360 hadi 400. Jumapili anachezea kati ya 420 na 445, ambayo ni asilimia 6 tu. Wiki inayofuata ngazi ileile inashuka tena. Umbo hilo likijirudia mara tatu au nne, kusema ni bahati mbaya kunakuwa kugumu.

Kumbuka asilimia na umbo havijibu swali moja. Mtu mzima ambaye tofauti yake ya kila siku ni zaidi ya asilimia 10 kwa wastani, akipima mara mbili kwa siku kwa wiki mbili, ana dalili ya pumu. Kwa wanaopima mara nyingi zaidi wataalamu wengi hudai asilimia 20. Hiyo inasema ni pumu. Kuihusisha na kazi kunatokana na kulinganisha nguzo zilizopakwa na nguzo nyeupe.

Wengine hushuka dakika chache baada ya kuanza kazi na kurudi baada ya saa moja au mbili. Wengine huanza kushuka baada ya saa kadhaa na kufika chini usiku. Wengine hushuka kidogo kidogo kila siku, kama huyo wa juu. Kuna pia wanaozidiwa siku ya kwanza ya wiki kisha wakapata nafuu wakiendelea kufanya kazi, na hao hupatikana zaidi kwenye vumbi la pamba.

Ili chati isomeke kwa uhakika inahitaji angalau vipindi vitatu vya kazi, kila kimoja chenye siku tatu mfululizo au zaidi, vikitenganishwa na ofu. Birmingham, Uingereza, walitengeneza programu inayoitwa Oasys ambayo huipa kila chati alama kati ya 1 na 4; ikizidi 2.5, kazi inahusika. Jicho lililozoea linatosha mara nyingi, ila programu haina huruma wala upendeleo.

Yanayopotosha

Mafua ya virusi huangusha namba siku kadhaa mfululizo, ofu na kazini sawasawa. Zizungushie duara, zisihesabiwe, ongeza wiki moja. Chati bapa haimaanishi kazi haina kosa kama wiki hizo fundi hakugusa hadena, kinu kilizimwa kwa ukarabati, au bosi alimhamishia ofisini aliposikia anapimwa. Ndiyo maana safu ya "ulichofanya" haina mjadala.

Chati nzuri nayo ina mipaka. Inasema kazi inashusha pumzi; haisemi kitu gani hasa, wala haitenganishi mzio mpya na pumu ya utotoni inayochokozwa na vumbi. Hapo daktari bingwa huongeza kipimo cha damu cha kingamwili za mzio, yaani IgE, ambacho ni kizuri kwa unga wa ngano na amilesi. Kwa isosianeti mara nyingi hutoka bila kitu hata kwa mgonjwa wa kweli, kwa hiyo jibu safi lisimrudishe mtu kwenye chumba cha spreyi. Spirometa kabla na baada ya salbutamol nayo husaidia: pumzi ya sekunde ya kwanza ikiongezeka kwa asilimia 12 na mililita 200, njia za hewa zinafunguka kwa dawa.

Usalama uwe mbele ya chati. Namba ikishuka chini ya nusu ya kipimo chako bora, au ukishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, acha kupuliza, vuta salbutamol, ondoka kwenye vumbi na upelekwe hospitali wakati huohuo.

Chati ikisema ni kazi

Piga picha kila ukurasa kwa simu kabla ya kulitoa daftari mkononi. Kenya ina sheria mbili za mwaka 2007 zinazohusika, ya usalama na afya kazini na ya fidia kwa majeraha ya kazini, na ofisi ya serikali ya usalama na afya kazini ndiyo inayopokea taarifa za magonjwa haya. Daktari aandike kwa jina: pumu inayotokana na kazi, na kitu kinachoshukiwa. "Matatizo ya kifua" halitoshi kufungua faili.

Barakoa ya karatasi haimtoshi mtu aliyekwisha kujenga mzio. Anayeondolewa mapema, kabla pumzi haijashuka sana, ndiye mwenye nafasi nzuri ya kupona. Anayeendelea miaka mingine miwili huweza kubaki na pumu hata akihama kabisa. Akihamishiwa kitengo kingine palepale, kifaa kisiwekwe kabatini. Apulize tena wiki mbili kwenye kitengo kipya, kwa saa zilezile na daftari lilelile. Namba zikianza tena kushuka kila akiingia zamu, vumbi la kule bado linamfikia huku, na meza inapaswa kusogezwa mbali zaidi.